Mdai Hakusema Lolote

Bochaberi alikuwa amesimama mbele ya meza ya korti tangu asubuhi, na matope mekundu ya njiani yalikwisha kumkaukia miguuni. Palikuwa na stuli ya mdai. Karani Mogire alikuwa amerundika mafaili juu yake, na hakuna mtu aliyeona haja ya kuyaondoa. Bochaberi alikuwa ametoka ng'ambo ya mto bila kutia kitu tumboni, na kila mguu mmoja ulipochoka aliegemea wa pili.

Korti ya wazee ya lokesheni, eneo la chifu, ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, bati juu, madirisha mawili yasiyo na vioo. Mwaka ule wa arobaini na saba serikali ilikuwa imeiletea meza mpya ya mvule, bendera, na askari mmoja wa kuwanyamazisha watu. Watu walijaa mpaka mlangoni. Kesi ya mjane huvuta watu kuliko kesi ya ng'ombe.

"Moka-Omwenga," alisema Ombui, rais wa korti, akimwita kwa jina la marehemu mumewe. Ombui alikuwa mnene, mwenye sauti laini, na alipenda kufumba macho mtu akizungumza. "Wewe ndiye mdai. Umemshtaki Ogari, mdogo wake mume wako. Sema alichokutenda."

Bochaberi alifungua kinywa. Kisha akatazama kulia kwa Ombui, pale alipokaa mzee Nyamongo, mikono juu ya kifimbo, macho sakafuni. Akakifunga.

Nyamongo alikuwa ndugu wa tumbo moja wa baba yake Omwenga. Baba mkwe mwenyewe alikufa zamani, kwa hiyo Nyamongo ndiye aliyebaki kuwa tatabiara wake, baba mkwe wa kuheshimiwa. Na kati ya mke wa mwana na baba mkwe, kwa Abagusii, kuna ensoni, heshima iliyochanganyika na haya, na haina mzaha hata kidogo. Hamshikani mikono. Haingii nyumbani mwako. Neno la kitandani halipiti kati yenu, hata kwa kuzungukazunguka, hata kama unakufa. Mwanamke akilitamka, uchafu unawaingia wote wawili, na kuanzia siku hiyo watu humtazama kama aliyerukwa na akili. Bochaberi hakuyasoma hayo popote. Alikua nayo.

Na jambo alilotendewa na Ogari halikuwa na jina lingine.

"Tunakungoja," alisema Ombui.

"Mzee, kesi yangu iliandikwa Jumanne."

"Imehamishiwa Alhamisi."

"Alhamisi anakaa tatabiara."

"Alhamisi inakaa korti," Ombui akajibu, na watu wakacheka.

Ogari pia alicheka, lakini kwa adabu, kiganja mdomoni. Alikuwa ameketi kwenye benchi lake, amejipaka mafuta, amevaa koti zito la jeshi lililorudi kutoka Burma bila Omwenga ndani yake. Alikuwa mshika daftari la chifu. Wiki nzima alionekana akienda na kurudi kwa Ombui, na sasa Bochaberi alijua alikwenda kutafuta nini. Hakuhitaji kumhonga mtu aseme uongo. Alihitaji siku ibadilishwe tu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa tano, mchana, Bochaberi alikuwa akianika wimbi mbele ya ghala. Ogari alimfuata alipoingia ghalani kuchukua ungo, akauegemea mlango kwa mgongo. Alipomaliza alijifunga mkanda akasema, bila haraka, "Basi, mambo yamekwisha. Umenichagua." Maana mjane wa Kigusii huchagua mwenyewe, katika ndugu za mumewe, nani ataitunza nyumba yake, na hakuna wa kumchagulia. Bochaberi alikwisha kumkataa Ogari mara tatu, mbele ya watu. Korti ikisema alilazimishwa, uchaguzi unabaki wake. Ikisema aliridhia, basi Ogari ndiye aliyechaguliwa, na nyumba, shamba la wimbi kando ya mto, na yeye mwenyewe vinakwenda mkononi mwa Ogari mpaka afe.

"Naomba," alisema Bochaberi, "naomba mzee Nyamongo atoke nje kidogo. Niseme. Kisha arudi."

Chumba kililipuka kwa kelele. Askari akagonga sakafu kwa rungu.

"Sikia, mokamwana, mke wa mwana wa watu," alisema Ombui, akafungua macho. "Korti haimfukuzi jaji wake kwa sababu mwanamke ana haya. Nakuuliza mara ya tatu. Alikutenda nini?"

Bochaberi hakumtazama Ombui. Alimtazama Nyamongo, kwa pembe ya jicho, kadiri ensoni ilivyomruhusu. Mzee alikuwa akijua. Kijiji kizima kilijua. Angeweza kusimama mwenyewe, akasingizia haja ndogo, akasingizia kikohozi, akampa mke wa mwanawe muda wa kusema maneno matano. Alikuwa na miguu. Nyamongo alivuta blanketi lake begani akaendelea kuitazama sakafu.

Wakamwita shahidi. Alikuwa Mong'ina, jirani, mjane mzee aliyetembea ameinama.

"Nilisikia akilia," Mong'ina alisema. "Nikakimbia na huu mgongo wangu. Nikamkuta Ogari anatoka ghalani, anafunga mkanda."

"Uliliona tendo?"

"Nani huonyeshwa tendo, mzee?"

"Jibu. Uliona?"

"Nilisikia."

"Kusikia si kuona. Nenda ukakae."

Wazee waliinamiana dakika chache. Kisha Mogire, kijana wa Kisabato aliyesoma misheni na mwenye mwandiko mzuri kuliko wote wilayani, alisimama akasoma alichoandika, bila kumtazama mtu. "Mdai aliulizwa mara tatu. Mdai hakusema lolote. Shahidi wake alisikia, hakuona. Korti imechukua kunyamaza kwa mdai kuwa ni ridhaa. Ogari ndiye mtunzaji wa nyumba ya Omwenga."

Hasira ilimpanda Bochaberi pole pole. Njiani kurudi nyumbani, Mong'ina akimshika mkono kwenye utelezi, ndipo alipoisikia imemjaa. Hakutaka Ogari aonywe. Hakutaka apatanishwe naye. Alitaka aumie, na Nyamongo aumie zaidi.

Wiki hiyo alikwenda mjini Getembe kwa miguu kumtafuta Shueib.

Shueib alikuwa mwandishi wa barua. Baba yake alikuwa askari wa Kinubi, mama yake Mgusii aliyesilimu, na yeye alikaa kwenye baraza ya duka la Jaffer na meza ndogo, chupa ya wino na kofia safi nyeupe. Kando yake mkewe, Kaltuma, alikuwa akichagua mchele kwenye sinia.

"Karibu, mama. Shida gani?"

"Korti imenimaliza," alisema Bochaberi kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Maneno yangu haikuandikwa."

"Ulisema, wakakataa kuandika?"

"Sikusema."

Shueib aliweka kalamu chini. Ilichukua muda kumwelewesha. Lakini Shueib hakuwa baba wa mtu yeyote wa ukoo wake, na kwa lugha isiyo ya nyumbani maneno yalitoka mepesi zaidi, akayasema yote, ghala, mlango, mkanda. Kaltuma aliacha kuchagua mchele.

"Mwandikie," Kaltuma alimwambia mumewe. "Andika yote, na jina la mshenzi huyo liandike kubwa."

"Ngoja kwanza," alisema Shueib. Akainama chini ya meza akatoa kitabu kinene kilichobanduka jalada. Zamani alikuwa karani wa Mmarekani mmoja aliyekuja kuchimba dhahabu, akachimba, hakupata, akarudi kwao akiacha madeni na kitabu hicho. Kilikuwa cha kufundisha watu wa kawaida maneno ya korti za Amerika, kila neno na maana yake. Shueib alikipenda mno.

"Sikiliza hapa. Juri. Watu kumi na wawili wanachaguliwa huko huko vijijini, si wazee wa serikali. Wanasikia kesi mwanzo hadi mwisho, na wao ndio wanasema mtu ana hatia au hana."

"Wanawake pia wanakaa?"

"Mahali pengine, wanakaa." Akalamba kidole akafunua kurasa. "Hili ndilo lako. Hakimu akiwa jamaa ya mwenye kesi, anatakiwa kushuka kitini."

"Anashuka yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe. Asiposhuka, unaomba ashushwe."

Bochaberi alitazama herufi asizoweza kuzisoma. Mahali fulani duniani kulikuwa na Nyamongo anayesimama mwenyewe. Ilimchoma zaidi kuliko kama asingejua.

"Na mtu akinyamaza?"

"Mshtakiwa akinyamaza, kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa amekubali." Shueib alisogeza kidole chini ya mstari. "Lakini hilo ni la mshtakiwa. Wewe ulikuwa mdai."

"Kwa hiyo Ogari akinyamaza inamponya, mimi nikinyamaza inaniua?"

Shueib alijikuna chini ya kofia.

"Na huko Amerika," aliuliza Bochaberi, "mtu mweusi naye, hao kumi na wawili wanamsikia?"

"Nilimuuliza yule bwana siku moja. Alicheka, akaniambia nikamchemshie maji ya kunyoa."

"Miaka kumi ana hicho kitabu," alisema Kaltuma, akirudi kwenye mchele wake. "Hakijamshindia mtu hata kuku. Andika rufaa, Shueib, mwanamke asilale njiani."

Akaiandika rufaa, kurasa tatu. Kwanza, jaji alikuwa baba mkwe. Pili, kunyamaza si ridhaa. Tatu, mdai yuko tayari kusema sasa, mahali popote ambapo mzee Nyamongo hayupo. Bochaberi aliweka dole gumba chini yake, akalikandamiza kwa nguvu mpaka wino ukaenea nje ya mstari.

Mzungu wa rufaa alipita baada ya wiki sita, katika safari yake ya kuzungukia lokesheni. Alikaa chini ya hema, miguu ndani ya buti zilizong'arishwa, na mkalimani wake alikuwa mtu wa Kisumu, mgeni kabisa. Bochaberi alipoona hivyo alifurahi. Kwa mgeni huyu angeweza kusema yote. Alikuwa amejizoeza njia nzima.

Mzungu alisoma karatasi ya korti. Ya Shueib aliiweka chini ya kikombe.

"Bwana anasema," mkalimani akaanza, "rufaa haisikilizi maneno mapya. Inapima yaliyoandikwa kortini. Kortini imeandikwa, mdai hakusema lolote."

"Nitasema sasa."

"Anasema sasa umechelewa."

"Mwambie yule mzee alikuwa tatabiara wangu. Mwambie haiwezekani."

Wakasemezana kwa Kiingereza. Mzungu hakuwa mtu mkali. Alimtazama Bochaberi kwa upole, akatikisa kichwa.

"Bwana anasema desturi zenu anaziheshimu sana. Ndiyo maana serikali imewaachia wazee wenu kesi za namna hii."

"Na mimi imeniachia nani?"

Mkalimani alimtazama kidogo. Hilo hakulitafsiri. Mzungu aligonga muhuri, akaita anayefuata.

Siku mbili baadaye Ogari alimtuma mtu aseme kwamba atahamia baada ya mavuno, yeye na vitu vyake. Hakuwa na haraka. Alikuwa na karatasi.

Bochaberi alivuna wimbi, na kila suke alilolikata aliisikia sauti ya Mogire. Hakusema lolote. Hakusema lolote. Kosa lake lote lilikuwa hilo. Basi angesema. Kama njia ya kumuumiza Nyamongo ilikuwa moja tu, nayo ni ensoni ile ile iliyomziba yeye mdomo, angepita hapo.

"Ukilitamka mbele ya Nyamongo," alisema Mong'ina, akimsaidia kufunga mizigo, "hakuna atakayepokea maji mkononi mwako. Mimi ni mzee, nitapokea. Lakini mimi nitakufa kesho kutwa."

"Nikinyamaza, Ogari amekwisha kunizika."

"Hilo najua."

"Basi usinikataze."

"Sikukatazi," alisema Mong'ina. "Nakuambia tu gharama yake. Ukifika huko, sema kwa sauti. Wale wa nyuma huwa hawasikii."

Alingoja Alhamisi yenye watu wengi. Kulikuwa na kesi ya mpaka kati ya koo mbili, na wana wote wa Nyamongo walikuwa kortini, pamoja na wake zao, na shemeji, na wakwe wa wakwe. Ombui alikuwa amefumba macho. Ogari alikuwa mlangoni na daftari la chifu. Bochaberi alipita katikati ya watu mpaka mezani, na askari, akidhani ameitwa, akampisha.

Mara hii alimtazama Nyamongo usoni.

"Tatabiara," alisema, kwa sauti iliyofika nje, "mwezi wa tano, wimbi langu likiwa juani, mwanao Ogari alinifuata ghalani akaniingilia kwa nguvu."

Ombui akafumbua macho. Kisha palitokea jambo ambalo watu wa korti ile hawajalisahau. Hakuna aliyemkimbilia Bochaberi kumnyamazisha. Walikimbiana wao kwa wao. Maana baba na mwana hawawezi kusikia maneno kama hayo wakiwa wamekaa pamoja, wala mkwe na mkwe, na chumba kizima kilikuwa cha baba na wana na wakwe. Kijana mmoja aliruka dirishani kabla baba yake hajageuka kumwona. Wanawake walijifunika vichwa na kanga wakasukumana mlangoni. Mzee mwenye kesi ya mpaka alianguka juu ya mpinzani wake, wakainuka wakishikana, wakatoka pamoja.

Bochaberi aliendelea. Alitaja mlango. Alitaja mkono uliomziba mdomo, na harufu ya mafuta ya mkono huo. Alitaja na yale mengine, kwa majina yake ya Ekegusii, moja baada ya jingine, na kila neno lilitoa watu wawili watatu nje.

Nyamongo alisimama kwa shida. Blanketi alilitupia kichwani, kifimbo kikamponyoka, hakukiokota. Alijigonga kwenye ncha ya meza, akapapasa ukuta akiutafuta mlango. Bochaberi alimfuata hatua kwa hatua, akisemea mgongo wake.

"Ulikaa! Uliniona nashindwa, ukakaa! Sasa sikia! Sikia nikwambie na alivyosema alipomaliza!"

Mzee alitoka nje akajikwaa, akapiga magoti matopeni mbele ya wake za wanawe, nao wakageuza nyuso. Raha ilimwingia Bochaberi, raha ya moto, ambayo hakuijua tangu Omwenga akiwa hai. Alitaka Nyamongo ainuke ili amwambie tena.

Ndani walibaki watu wachache tu. Ombui, ambaye alikuwa wa ukoo mwingine, amekodoa macho. Askari. Ogari, ametota jasho. Na Mogire, kichwa chini, kalamu ikienda.

"Andika," Bochaberi alimwambia, akihema. "Nimesema. Andika kwamba nimesema."

"Naandika, mama," alisema Mogire.

Bochaberi alifungiwa siku saba katika stoo ya korti, pamoja na mapanga ya kufyekea na magunia matupu. Alhamisi iliyofuata alitolewa. Stuli ilikuwa wazi, akaambiwa aketi. Sasa alikuwa mshtakiwa.

Kiti cha Nyamongo kilikuwa kitupu.

"Iandikwe," alisema Ombui, "kwamba mzee Nyamongo amejitoa katika kesi hii. Mshtakiwa ni mke wa mwanawe, na maneno yatakayosomwa hapa ensoni haimruhusu kuyasikia."

Bochaberi alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kikavu, na askari akamgusa bega kwa rungu.

"Na watu wapungue," Ombui akaendelea. "Wana na baba zao wasikae pamoja. Nani ana mkwe humu? Atoke." Watu wakatoka kwa utaratibu, bila kelele, kila mtu akijua nafasi yake. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuvuta tumbaku. Yote aliyoyaomba akiwa mdai yalifanyika sasa, na hakuna aliyeona ugumu.

Mogire alisimama akasoma. Kurasa mbili nzima. Hakuacha kitu. Siku, saa, ghala, mlango, mkono, mafuta, mkanda, mpaka yale maneno, "Umenichagua." Mwandiko wake mzuri ulikuwa umeyapanga vizuri kuliko Bochaberi alivyoyasema. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano machozi yalimtoka.

"Haya ni maneno yako?" aliuliza Ombui.

"Ni yangu."

"Yote?"

"Yote. Na ni ya kweli."

"Ukweli wake hauko mbele ya korti. Hilo la ridhaa liliamuliwa, na rufaa ikakataliwa. Kilicho mbele yetu ni kwamba uliyasema, hapa, mbele ya jaji, ukaidharau korti na kumtia mzee uchafu."

"Na mnaamini kwamba niliyasema?"

"Tunaamini kila neno," alisema Ombui.

Hukumu haikuchukua muda. Miezi mitatu jela. Au mume wake atoe mbuzi wa kumsafisha mzee Nyamongo, amchukue nyumbani amlinde asirudie.

"Sina mume," alisema Bochaberi.

"Korti hii ilikwisha kukupa." Ombui akatazama mlangoni. "Yupo?"

Ogari aliingia kutoka nje, ambako alikuwa akingoja na mbuzi amefungwa kamba. Alivua kofia. "Nipo, mzee. Mbuzi huyu hapa."

"Jela," alisema Bochaberi, akasimama. "Nimechagua jela. Mnisikie wote. Nachagua jela."

Ombui alimgeukia karani. "Umeliandika hilo?"

Kalamu ya Mogire ilikuwa hewani. "Bado, mzee."

"Usiandike."

Mogire alishusha mkono. Kisha akachovya kalamu, akaandika kwamba mshtakiwa amekabidhiwa mumewe, akaigeuza karatasi upande wa Ogari, na Ogari akatia sahihi yake, taratibu, asichafue.

Walirudi kwa njia ya mto, Bochaberi mbele, Ogari nyuma. Kila boma walilopita, watu waliokuwa uani waliingia ndani. Mwanamke aliyekuwa akiteka maji aliacha mtungi wake haujajaa akaondoka. Hata watoto walikuwa wamekwisha kuambiwa. Bochaberi hakuwalaumu. Alikuwa akimfikiria mmoja tu, huyu aliyekuwa akipiga mluzi nyuma yake.

Walipofika kwenye kivuko aligeuka.

"Ogari. Wewe hulala?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Kila mtu hulala. Nina jembe, nina panga, nina mawe matatu ya jikoni. Sikuambii ni siku gani. Siku yoyote utakayofumba macho ndani ya nyumba ile, mimi nitakuwa macho."

Ogari aliacha kupiga mluzi. Alikuwa amekwisha kulifikiria hilo.

Nyumba ya Omwenga ilikuwa imefagiliwa. Jembe halikuwapo ukutani, wala panga, na jikoni palibaki majivu, mawe yameng'olewa. Mlango wa fito ulikuwa umeondolewa, na mahali pake palikuwa na mlango mpya wa mbao za mvule, mzito, wa kufanana na ile meza ya korti. Ogari aliufungua akampisha apite. Bochaberi alipovuka kizingiti aligeuka kuutazama. Upande wa ndani ulikuwa laini, mbao tupu. Komeo lilikuwa nje.